Mfarishi wa Viraka na Vumbi la Sufi

Shangazi yetu mmoja, mkaazi wa Ngamiani mjini Tanga, alipomaliza eda ya mumewe alijikuta hana cha kushika ila sindano, mkasi, na cherehani ya mkono iliyoachwa na marehemu. Watoto watatu walikuwa wakimtazama yeye kwa chakula na kwa karo. Akaanza kushona mifarishi, ya vitanda vya maharusi na ya watoto wachanga, na kazi yake ikapendwa, kwani mkono wake ni mwepesi na jicho lake linazijua rangi. Mwaka wa kwanza ulipita kwa kheri. Mwaka wa pili akashikwa na chafya. Mwanzoni tulizicheka, maana zilimjia kumi kwa mfululizo, na kwa kila moja alimhimidi Mola wake asipate nafasi ya kupumua. Baadaye hatukucheka tena. Macho yakawasha na kuvimba, kifua kikaanza kupiga filimbi saa nane za usiku, na vidole vya mkono wake wa kulia vikatoka upele uliochanika na kutoa maji.

Hapo majirani wakaleta maneno yao. Wako waliosema kuwa amepigwa kijicho kwa sababu biashara yake imekwenda mbele upesi. Wako waliosema kuwa cherehani ya maiti haifai kuguswa. Na mwenyewe, katika kuchoka kwake, akakaribia kuiuza cherehani ile na kuiacha kazi.

Hatusemi kwamba husuda haipo. Muislamu hawezi kusema hivyo, na kinga yake twafundishwa tungali watoto chuoni. Lakini si haki kuisingizia husuda jambo ambalo sababu yake imo ndani ya gunia lililowekwa pembeni ya kitanda.

Kwa ajili ya wasomaji wetu vijana, waliokulia katika mablanketi ya dukani, yafaa tueleze kwanza mfarishi ni nini. Ni tandiko au nguo nene ya kujifunika, yenye tabaka mbili, ya juu na bitana. Katikati hutiwa sufi au pamba, kisha tabaka zote hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo ili kilichomo kisikusanyike upande mmoja. Watu wa bara hudhani kwamba pwani hakuna baridi. Na waje walale Tanga mwezi wa Julai, kusi ikivuma kutoka baharini na madirisha yote wazi, ndipo watakapojua kwa nini bibi zetu hawakuupuuza mfarishi.

Wala kuunga viraka si jambo geni kwetu, kwani kanga yenyewe imezaliwa katika kuunga. Yasimuliwa kwamba katika karne ya kumi na tisa wanawake wa Unguja walikuwa wakinunua vitambaa vya leso vilivyokuja katika jora, wakikata vitatu vitatu, kisha wakivishona vipande viwili pamoja ikatoka nguo moja ya leso sita. Wafanyabiashara walipoona namna hiyo imependeza, wakaagiza nguo iliyopigwa chapa nzima, na hata leo watu wa Mombasa wangali wakiiita leso. Basi mwanamke aungaye viraka vya kanga kuukuu apate mfarishi hafanyi ila kuirudisha kanga pale ilipotoka.

Ama maradhi haya ya shangazi yetu nayo si mapya duniani. Tabibu Abu Bakr al-Razi, ambaye wengi husema alifariki mwaka 925, aliandika risala nzima juu ya mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, ambaye kila msimu wa mawaridi ulipoingia alikuwa akipatwa na mafua kwa kunusa maua yale. Waridi halikuwa na sumu. Wengine walilinusa wakafurahi. Ilikuwa tabia ya mwili wa Abu Zayd kulikataa. Miaka elfu moja baadaye, mwaka 1906, daktari mmoja wa Vienna, Clemens von Pirquet, ndiye aliyeipa hali hii jina litumiwalo na madaktari wa Ulaya, nasi kwa Kiswahili twaiita mzio. Mwili hukidhania kitu kisicho na dhara kuwa ni adui, ukakipigania vita. Na vita vile ndivyo chafya, ndivyo machozi, ndivyo upele na kubanwa na kifua.

Tena katika sheria yetu jambo hili limepewa uzito. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliwaruhusu Zubayr bin al-Awwam na Abdurrahman bin Auf kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho uliowapata, na hali hariri ni haramu kwa wanaume wa umma huu. Aliyewashwa na nguo hakuambiwa avumilie tu. Alitafutiwa nguo nyingine. Sisi tunaposikia mtu akimwambia mgonjwa wa mzio kuwa "anajidekeza", hukumbuka habari hii.

Turudi kwenye gunia. Sufi hutoka katika tunda la msufi, na uzi wake ni mwembamba sana, una uwazi ndani uliojaa hewa, nao haupendi maji. Kwa hiyo ni mwepesi kuliko pamba na hupeperuka kwa pumzi ya mtoto. Mwenye kuichambua na kuijaza hana raha. Akifungua dirisha, sufi huruka ikaenea nyumba nzima mpaka katika chungu. Akilifunga, huivuta puani yeye mwenyewe. Shangazi yetu alilifunga. Kila usiku, watoto wakiisha lala, alikaa katika chumba kile kile wanacholala, dirisha limefungwa na taa inawaka, akichambua sufi mpaka saa sita. Na gunia lenyewe lilikuwa limepita masika mbili likinyonya unyevu na kufanya koga.

Kwamba vumbi la nyuzi hudhuru kifua ni jambo lililojulikana zamani. Mtaliana Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake juu ya maradhi ya wafanyakazi kilichotoka mwaka 1700, aliwataja wachambuaji wa kitani na katani kuwa ni watu wa kukohoa na kukosa pumzi. Nasi watu wa Tanga hatuna haja ya kwenda Italia kutafuta mfano. Mkonge uliletwa kwetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukapandwa karibu na Pangani, ukaenea mpaka ukawa jina la mkoa mzima. Watafiti waliochunguza viwanda vya mkonge vya Tanzania katika miaka ya 2000 walikuta kwamba wafanyao kazi katika idara ya brashi, ambako nyuzi kavu husuguliwa na vumbi kupaa, walikuwa na kikohozi na chafya kuliko wenzao walio mbali na vumbi hilo. Nani katika Tanga asiye na mzee aliyefanya kazi mkongeni akarudi na kifua? Lakini ambalo tulilihurumia kwa mzee wa kiwandani hatukulitambua lilipoingia chumbani kwa shangazi.

Liko na jambo la pili, ambalo halionekani kwa macho. Wataalamu wa Leiden, katika Uholanzi, walibainisha katika miaka ya 1960 kwamba katika vumbi la nyumba mwenye kuleta madhara makubwa ni mdudu mdogo sana, utitiri wa vumbi, ambaye urefu wake ni kiasi cha theluthi moja ya milimita. Hatuumi, wala hatunyonyi damu. Chakula chake ni ngozi kavu itupukayo katika miili yetu, na makao yake ni magodoro, mito na mifarishi. Kinachotudhuru ni kinyesi chake, ambacho hukauka kikawa vumbi tukakivuta tulalapo. Naye hupenda joto na unyevu, na pwani yetu, yenye masika na vuli na bahari mlangoni, ni kama imetandikwa kwa ajili yake. Mto wa sufi uliorithiwa na wajukuu bila ya kufuliwa hata siku moja, kwani sufi haifuliki ikabaki salama, ni mji mzima wa viumbe hawa.

Tulipoyapima haya yote, tukaona kwamba hapana haja ya kuuza cherehani. Kilichopasa kuondoka ni kile cha katikati. Mfarishi unaweza kushonwa bila ya sufi wala pamba, kwa tabaka za nguo tupu: juu viraka, chini kanga nzima, na katikati shuka kuukuu moja au mbili. Uzito wake watosha kwa baridi ya Tanga. Na faida yake kubwa ni kwamba wafulika.

Hili nalo si uzushi wetu. Ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako watu waitwao Siddi, ambao asili yao ni Afrika, na wengi wa wazee wao walivushwa kutoka upande huu wetu katika utumwa, wakapitia Goa, kisha wakatoroka wakaingia misituni. Katika hao wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao hushona mifarishi waiitayo kawandi, kwa nguo chakavu za nyumbani juu ya sari ya pamba. Hawachori kitu kabla. Huanza pembeni, wakazunguka ukingo wote, wakaendelea kuingia ndani mpaka wakakutana katikati. Na katika pembe nne hutia vitambaa vilivyokunjwa vya pembe tatu, waviitavyo maua, na mfarishi usio na maua hayo huuhesabu kuwa u uchi. Mwaka 2004 walianzisha ushirika wao kwa msaada wa profesa mmoja wa Marekani, Henry John Drewal, wakawa wanauza kazi zao nje. Shangazi yetu alipoonyeshwa picha za mifarishi ile alinyamaza kwa muda, kisha akasema kuwa mishono ile ni kama ya bibi yake wa Pangani. Hatuna ushahidi zaidi ya jicho lake, lakini jicho lake twaliamini.

Yeye hata hivyo hawezi kushona bila ya kuchora kwanza, na katika hili hatumlaumu. Mwenye kushonea nyumba yake na afuate moyo. Mwenye kushonea wateja hana budi kujua mapema nguo itamtosha au haitamtosha. Ala zake ni chache, na nyingi zimo nyumbani tayari. La kwanza ni daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba ni kiraka kimoja. Akitaka mfarishi wa kiasi cha kanga, yaani sentimita 150 kwa 105, na viraka vya sentimita 15, basi atahitaji viraka kumi kwa saba, yaani 70. Naye atavikata vya sentimita 17, ili sentimita moja kila upande iingie katika mshono. Akitaka giza na nuru kwa kupokezana, vitakuwa 35 na 35. Hesabu hii ya dakika tano humwokoa na fedheha ya kukwama mfarishi ukiwa nusu, na kanga ile imekwisha sokoni.

Kiolezo chake alikuwa akikikata katika boksi la viatu, lakini pembe za boksi huchakaa, na kiraka cha hamsini huwa si sawa na cha kwanza. Sasa hukata katika plastiki ngumu ya kifuniko cha ndoo, na chini yake amebandika kipande cha msasa ili kisiteleze juu ya nguo. Bikari ameazima kwa mwanawe wa sekondari. Kwa bikari na rula huchora duara, na ndani yake mraba, kisha mraba wa pili aliougeuza juu ya ule wa kwanza, ikatoka nyota ya pembe nane, ile ile ambayo mafundi wa Kiislamu wameichonga katika mbao na mawe toka zama. Aonapo shaka ya nakshi, huchukua vioo viwili vidogo akavisimamisha mbele ya kiraka kimoja kama kurasa za kitabu kilicho wazi, akaona kiraka kile kikijikariri pande zote kabla ya kukata nguo. Na simu ya mkononi, ambayo twailalamikia kila siku kwa kuwapotezea watoto saa zao, humfaa katika jambo moja: huvipiga picha viraka vilivyotandazwa sakafuni, kisha akaiondoa rangi picha ile ikabaki nyeupe na nyeusi. Hapo hujua kipi hasa ni giza na kipi ni nuru, kwani nyekundu na kijani humdanganya mtu.

Kuchorea juu ya nguo ameacha chaki ya mafundi, ambayo ni vumbi juu ya vumbi. Hutumia kipande cha sabuni kilichokonda. Mstari wake waonekana vizuri juu ya nguo ya rangi, nao huondoka kwa maji.

Jambo moja twamshukuru kwa kutukumbusha. Kanga nyingi zina maneno, na katika hayo mara nyingi limo jina la Mwenyezi Mungu. Mkasi haujui kusoma. Kabla ya kukata, na auangalie mji na jina la kanga ile, na kipande chenye jina hilo tukufu akiweke kando mahali pa heshima, kisije kikalaliwa au kukanyagwa.

Kulikuwa kumebaki vidole. Chafya zilipopungua kwa kuondoka sufi, upele haukuondoka, nasi tukatambua kwamba mizio yaweza kuwa miwili katika mtu mmoja. Upele wa namna hii hauji saa ile ile. Huja baada ya siku moja au mbili au hata tatu, na ndiyo sababu watu hushindwa kukijua kilichouleta. Nguo mpya hutiwa kanji na dawa za kiwandani. Nguo zile zisemwazo kuwa hazijikunji aghalabu zina dawa ya fomalidehidi, ambayo huwasha ngozi na macho. Rangi za nguo za nailoni na poliesta nazo hudhuru baadhi ya watu, khasa rangi nzito za giza. Na hapa tunataka mabibi harusi watusikilize: piko jeusi linalopakwa mikononi kwa haraka mara nyingi lina dawa ya nywele ambayo ikishaizoesha ngozi vibaya, ngozi ile huweza kuzikataa baadhi ya rangi za nguo kwa maisha yote. Hina ya majani haina dawa hiyo.

Lakini kwa shangazi yetu si nguo wala piko. Ilikuwa subana, ambayo wengine huiita kastabini. Ilikuwa ya madini yenye nikeli, na yeye huivaa kutwa nzima katika joto, kidole kikitoka jasho. Na alama ya upele ilianzia pale pale inapokaa. Pete za mkasi wake nazo zilikuwa za namna hiyo. Akashona subana ya ngozi kwa kipande cha kiatu kuukuu, akazungushia mkasi utepe wa kitambaa, na pini ameacha kuzishika kwa meno. Ngozi ilichukua wiki kadhaa kupoa.

Nguo zote ziingiazo nyumbani mwake, mpya kwa kuukuu, hufuliwa kwanza. Kanga mpya huloweka, akaisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa aone kama yatoka rangi, ikitoka, huirudia. Shuka na mifarishi ya ndani ambayo rangi yake ni madhubuti huifua kwa maji ya moto yasiyoshikika kwa mkono, kiasi cha digrii 60, kwani chini ya hapo utitiri huweza kupona, ingawa maji ya baridi nayo huondoa sehemu kubwa ya uchafu wake. Kisha jua la mchana, pande zote mbili, mpaka zikauke kabisa.

Ama kifua, hilo hatukulifanyia ujuzi wetu. Apigaye filimbi kifuani usiku na aende hospitali akapimwe pumu. Atapewa dawa ya kuvuta. Na ziko mbili, ya kufungua kifua wakati wa shida, na ya kuzuia, itumiwayo kila siku hata mtu akijiona mzima. Wengi wetu huipenda ya kwanza kwa kuwa hufanya kazi mara moja, tukaiacha ya pili, kisha tukashangaa maradhi yanaporudi kwa nguvu. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ambaye midomo yake inageuka rangi, asingojee asubuhi. Na kwa kuwa suali hili huulizwa kila Ramadhani: wanazuoni wamekhitilafiana juu ya dawa ya kuvuta, wako wasemao haiharibu saumu na wako wasemao yaiharibu. Kila mtu na amwulize sheikh wake mapema, kabla mwezi haujaandama. Lakini hapana khilafu kwamba mgonjwa anayekhofia kudhurika ameruhusiwa kula na kulipa baadaye.

Shangazi yetu sasa hushona barazani, asubuhi, penye hewa na kivuli, na watoto wamerudishiwa chumba chao. Huvaa barakoa ya hospitali akichambua nguo kuukuu, jambo ambalo wapita njia walilicheka kwa wiki moja hivi. Mifarishi yake ni myembamba kuliko ya zamani, na wateja wawili walimrudishia wakisema haina sufi. Wengine wameipenda kwa sababu ile ile, khasa mama wenye watoto wachanga, ambao hawana budi kuifua kila baada ya siku mbili. Dawa ya kuzuia pumu angali akiivuta.

Gunia lile la sufi lilikaa uani mpaka masika yakaliozesha. Tulimwuliza kwa nini hakuliuza lingali zima, na hali fedha alikuwa akizihitaji. Akasema aliogopa asije akamwuzia mtu chafya zake.